Federer hakuzaliwa mtulivu

Kwa miaka mingi mashabiki wa tenisi wamekuwa wakisema kwamba Roger Federer alishinda kwa kipaji tu: mtulivu tangu kuzaliwa, hatoi jasho, hana uchu wa ushindi kama mpinzani wake Rafael Nadal. Sivyo.

Kijana yule wa Basel alikuwa mkali kupindukia. Akikosa mpira alifoka, alilia, alirusha raketi. Katika kituo cha mafunzo cha Biel, huko huko Uswisi, raketi aliyoirusha ilichana pazia jipya la uwanjani, naye akaadhibiwa kuamka mapema kufanya usafi. Mwaka 2001, katika mashindano ya Hamburg, Ujerumani, alitolewa raundi ya kwanza na Muajentina Franco Squillari, akaipasua raketi yake pale pale uwanjani. Baada ya hapo ndipo alipoamua kujirekebisha, na haikuwa kazi ya siku moja. Taji lake la kwanza la Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, alilipata 2003.

Kwa hiyo utulivu ule tuliouona ulikuwa hasira ileile iliyofundishwa adabu. Nadhani hilo linastahili heshima kubwa kuliko kipaji.

Mwaka 2024, akizungumza na wahitimu wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alieleza kuwa alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake 1,526 za mchezaji mmoja mmoja, lakini asilimia 54 tu ya pointi. Yaani karibu nusu ya pointi alizocheza alizipoteza, na kila mara ilibidi aanze upya kuipigania inayofuata.