Gunia la mkaa halisomi sheria

Mwezi uliopita gari letu lilipata pancha kwenye barabara ya Gulu, upande wa Luwero. Dereva alipokuwa akihangaika na jeki, mimi nilikaa kivulini nikihesabu malori yanayoteremka kuelekea Kampala. Malori matatu yalikuwa yamefungwa turubai kwa uangalifu mno, kama yamebeba mayai. Dereva hakuinua hata kichwa. "Mkaa huo, mzee. Sikia injini inavyolia."

Nilisomea misitu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi ya kulinda msitu ni ya sheria ya misitu. Siku hizi nasoma zaidi hotuba ya bajeti na bei za umeme.

Sheria tunazo hapa Uganda. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 imeandikwa vizuri, na ndiyo iliyoleta Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, yenye dhamana ya hifadhi 506. Hata hivyo, kwa hesabu za serikali yenyewe, misitu ilifunika asilimia 24 ya nchi mwaka 1990. Kufikia 2015 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9. Sehemu kubwa ya iliyopotea haikuwa ndani ya hifadhi. Ilikuwa kwenye mashamba ya watu, ambako askari wa misitu hana vigingi vya kulinda.

Mei 2023 Rais Museveni alisaini Amri ya Rais Namba 3, iliyopiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Nakiri nilifurahi. Kule mishea, miti ya asili ambayo kokwa zake hutoa mafuta, ilikuwa ikiangushwa na kuchomwa, na mshea huchukua miaka kumi na tano au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Lakini Kampala haikuacha kupika siku ile. Mkaa ulipoadimika bei ilipanda, na bei ikipanda, mwenye lori anapata cha kumpozea yeyote atakayemsimamisha njiani. Marufuku inayogusa mkataji peke yake hujilipia njia ya kuivunja.

Mkaa wenyewe una hesabu yake. Tanuri la udongo, lile la kufunika magogo kwa majani na mchanga, hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Mwanamke wa kijijini mara nyingi huokota matawi makavu. Mchoma mkaa anahitaji gogo zima, na gogo gumu ndilo lenye bei. Kwa hiyo kila familia inayohamia mjini na kuacha kuni ikakamata sigiri, jiko la mkaa, inaongeza mzigo kwa msitu, hata kama chungu ni kilekile na maharagwe ni yaleyale.

Marufuku pia huishia mpakani. Kenya iliposimamisha ukataji miti Februari 2018, magunia ya kwetu yalipata soko zaidi ng'ambo ya mpaka wa Busia. Nchi moja ikafunga mlango, mti ukaangukia kwa jirani. Dunia haikuokoa kitu hapo.

Upande wa Hoima nina mzee ninayemtembelea kila nikipita. Ana kipande cha msitu wa asili kando ya kijito, pana kiasi kwamba nyani hukitumia kama njia. Majirani zake wote wamelima miwa. Mara ya mwisho aliniuliza, bila hasira: "Mwanangu, jirani yangu akikubali miwa anapewa trekta na mbegu kwa mkopo, anakatwa deni wakati wa mavuno. Mimi nikiacha miti isimame, nani ananikopesha?" Nilimwambia msitu binafsi unaweza kusajiliwa kisheria. Akaniuliza kusajiliwa kunaleta nini. Nikamega muhogo, nikatafuna polepole.

Swali lake lina majibu, ila hayakutoka kwa mabwana misitu. Costa Rica, kwa sheria ya 1996, iliamua mwenye shamba alipwe kwa kuacha msitu usimame, na sehemu ya fedha ikatoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Brazili ilianza mpango wake wa kuzuia ufyekaji wa msitu wa Amazoni mwaka 2004, mwaka ambao kilomita za mraba 27,772 zilifyekwa. Setilaiti zilisaidia kuonyesha panapokatwa. Lakini kilichowauma wafugaji ni hatua ya 2008: benki zikatakiwa kudai hati za ardhi na mazingira kabla ya kutoa mkopo wa kilimo huko Amazoni. Kufikia 2012 ufyekaji ulikuwa umeshuka hadi kilomita 4,571. Serikali ilipolegeza kamba baadaye, mwaka 2021 ukapita 13,000. Sheria za misitu hazikuwa zimefutwa. Mkono wa serikali ndio uliolegea.

Sisi tuliandika Mfuko wa Miti ndani ya sheria ileile ya 2003. Miaka mingi ukabaki jina kwenye karatasi, kwa sababu mfuko bila chanzo cha fedha ni kibuyu kilichotoboka. Hapo simlaumu waziri wa mazingira. Namtazama wa fedha.

Umeme, sasa. Bwawa la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na nchi ina umeme unaozidi matumizi. Tangu 2022 tuna bei nafuu ya kupikia; ilipoanza ilikuwa shilingi 412 kwa yuniti. Wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ilianzia yuniti ya 81 kwa mwezi. Zile za kabla yake, ukiondoa chache za mwanzo zilizotengewa maskini, ulizilipia bei kamili. Mwenye friji na pasi anafika 81 bila kujua. Mpangaji wa chumba kimoja hafiki. Akifika, mara nyingi mita si yake. Ni ya mwenye nyumba, imegawanywa vyumba sita, na kila mpangaji anachangishwa sawa.

Ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, ningeacha hifadhi zote kama zilivyo, nikaanza na mita hiyo: kila chumba kiwe na yake, na bei ya kupikia ianze kwenye yuniti za chini.

Mama anayeniuzia mkaa Kawempe, mtaa wa Kampala, kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, alinunua sufuria ya umeme mwaka jana. Aliniambia ilipika maharagwe kwa muda ambao sigiri ingekuwa bado inapepewa. Siku ya tatu mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza nani anayekula umeme wa wenzake. Sufuria iko juu ya kabati, imerudishwa ndani ya boksi lake, na juu yake amepanga makavera ya mkaa ya kuuza kesho.