Kwa nini mvua ya bati inakulaza, na redio ya jirani inakukosesha usingizi?

Aliyekulia chini ya paa la bati anajua: mvua ikishika kweli, maongezi hukoma. Darasani mwalimu huweka chaki chini akasubiri, maana hata apaze sauti vipi, wa dawati la nyuma haambulii kitu. Usiku mvua hiyohiyo ikianza, mtu anavuta shuka na kulala fofofo mpaka asubuhi. Kesho yake mvua hakuna, jirani wa chumba cha pili kafungulia redio kwa sauti ya chini, ya kistaarabu kabisa, na wewe unahesabu mbao za dari hadi saa nane.

Kwa kipimo, mvua ndiyo yenye kelele. Sauti hupimwa kwa desibeli: mnong'ono ni kama 30, maongezi ya kawaida kama 60. Kila zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidishwa mara 10, ingawa sikio huisikia kama imekua mara mbili tu. Mvua kubwa juu ya bati huyapita maongezi kwa mbali, na redio ile haiyafikii. Sasa ndogo imeishindaje kubwa?

Macho yana kope, masikio hayana. Ukilala, sikio linaendelea kupokea kila kitu na kukipeleka kwenye ubongo. Kuamua kipi kipite na kipi kizuiwe ni kazi ya humo ndani, hasa ya thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo kama mlinzi wa getini. Mlinzi huyu hatazami ukubwa wa sauti peke yake. Anatazama kama kuna kilichobadilika, na kama kinachosikika kina maana. Ndiyo sababu mama mzazi hulala radi zikipiga, lakini kichanga akilia kidogo tu, ameshakaa kitako. Jina lako nalo likitajwa ukiwa usingizini, ubongo hushtuka kuliko likitajwa la mtu mwingine.

Mvua ni maelfu ya matone yanayogonga kwa pamoja, sauti nene na nyembamba zimechanganyika zikawa kitu kimoja. Sekunde hii inafanana na iliyopita, kwa hiyo mlinzi hana habari ya kupeleka ndani. Tena inafunika: mbwa wa mtaa wa pili na bodaboda ya mwisho vyote vinazama humo. Redio ni kinyume. Mtu anaongea, ananyamaza, wimbo, tangazo, halafu goli! Na maneno yenyewe ni ya lugha yako, huwezi kuamua kutoyaelewa. (Nimewahi kulala vizuri sana kando ya redio ya Kifaransa. Kifaransa sikijui.)

Pangaboi hufanya kazi ileile ya mvua, ndiyo maana wapo wanaoliwasha hata msimu wa baridi. Umeme ukikatika usiku wa manane, utaamka kabla joto halijakufikia. Kilichokuamsha ni ule mvumo kukoma ghafla.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linanivutia zaidi. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, waliwapigia watu kelele za ghafla zisizo na mpangilio, na mwaka 1972 wakachapisha waliyoyaona. Baadhi ya watu hao walipewa kitufe, wakaambiwa: ukizidiwa bonyeza, kelele itakoma, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakukigusa. Walisikia kelele zilezile walizosikia wenzao wasio na kitufe, lakini baadaye, walipopewa maandishi ya kusahihisha na mafumbo ya kufumbua, walikosea mara chache kuliko wenzao na hawakukata tamaa upesi. Kujua tu kwamba unaweza kuizima kulitosha.

Kwa hiyo jirani mwenye shughuli anayepita mapema kugonga hodi na kusema "leo tuna ngoma, itaisha saa sita" anakupa kama nusu ya kitufe. Kelele yake ina mwisho unaojulikana. Kigodoro cha asiyesema chochote kinaweza kuwa na spika ndogo kuliko zake, kikakuumiza zaidi. Kwangu mimi hodi moja ya namna hiyo inashinda pamba za masikioni.

Lakini je, si mtu huzoea? Methali inasema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli kwa nusu. Wakazi wa kando ya barabara kuu huacha kuamka, ila mwili hausahau. Mwaka 2008 zilitolewa taarifa za vipimo vya watu waliolala majumbani mwao karibu na viwanja vinne vya ndege vya Ulaya, vya London na Athens vikiwemo. Ndege ikipita, shinikizo la damu lilipanda kwa wastani wa milimita 6 hivi za zebaki, hata kwa ambao hawakuamka. Mkoromo wa mwenza nao ulifanya yaleyale. Kumbe akili inaweza kuipuuza sauti kubwa, moyo usiipuuze.

Ile besi ya baa iliyo mbali, ambayo mchana huisikii, nayo ina sababu. Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake, na sauti iliyokuwa ikipanda angani hupinda ikarudi chini, hadi kwako. Sauti nyembamba huishia kwenye kuta, nene hupenya. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zinataka kelele za usiku kwenye makazi zisizidi desibeli 35. Kazi kwa wenye spika. Nyumba zetu nazo zinachangia: katika nyumba nyingi za kupangisha ukuta wa kati hauishii kwenye bati, basi sauti inapita juu kama paka. Linganisha na Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ambako kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiingia ndani, uchochoro mzima unabaki nje.

Wanaokimbilia msituni, kama Karura pale Nairobi, hudhani miti ndiyo inazuia magari. Miti inazuia kidogo mno, usipokuwa na msitu mnene hasa. Kinachokusaidia zaidi ni mwendo: chombo kimoja kinachopiga kelele hupungua kama desibeli 6 kila umbali wako nacho unapoongezeka mara mbili. Usikae kwenye benchi la kwanza, basi. Endelea kutembea.

Mimi nimehamishia kitanda ukuta wa pili na pangaboi linazunguka. Jioni moja nikajikaza nikaenda kugonga kwa jirani.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hivi redio huwa unaizima saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Naizima? Bila hiyo mimi sipati usingizi."