Pedeli za kunasa kwa mfuko mdogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jumamosi alfajiri, daladala zikiwa bado chache, tunakutana Mwenge, Dar es Salaam, na baiskeli zetu na kushika njia ya Bagamoyo. Karibu kila mara kuna mgeni kwenye kundi, na karibu kila mgeni hutupa jicho kwenye miguu ya wenzake akauliza: hizo pedeli zinazoshika kiatu ni za lazima? Anajibiwa na watu sita kwa wakati mmoja. Majibu mengi ni ya kusikia tu, na gharama yake anakuja kuilipa yeye. Nimeona kijana akitoa akiba ya miezi minne kwa pedeli ambazo kliti zake hakuzipata tena popote mjini. Alirudi kwenye pedeli za kawaida, kisha akaacha kuja. Hilo liliniuma, ndiyo maana naandika haya.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Chini ya kiatu hufungwa kipande kidogo, ndicho tunachokiita kliti. Ukikanyaga pedeli, springi inakibana. Ukipeleka kisigino nje, inakiachia. Jina lake la Kiingereza, kliplesi, linachanganya watu kwa sababu maana yake ni "bila klipu", na mtu akilisikia hudhani ni pedeli tupu. Klipu zinazotajwa ni vile vikapu vya zamani vya chuma na mkanda ambavyo mtu alitumbukiza kiatu akakaza kwa mkono. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vibanio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilileta pedeli isiyohitaji kikapu mwaka 1984. Mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault alizitumia akashinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na mkanda ukaanza kupotea.

Dhana: "Baiskeli ya resi inataka pedeli za resi"

Hii ndiyo inayokula pesa za watu kuliko zote. Pedeli hizi ziko katika koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza una kliti ndogo ya chuma, skrubu mbili, inayozama ndani ya soli. Inayojulikana zaidi ni SPD ya Shimano, iliyotoka mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani. Ukoo wa pili una kliti pana ya plastiki, skrubu tatu, inayotokeza nje ya soli; humo ndimo walimo SPD-SL ya Shimano na Keo ya Look. Muuzaji akiona tu usukani wako umejikunja chini kama pembe za kondoo, anakupeleka kwenye ukoo wa pili bila kukuuliza unaendesha wapi.

Krenki, ule mkono wa chuma unaobeba pedeli, haijui tofauti hiyo. Tundu la pedeli kwenye baiskeli karibu zote za kisasa za resi na za milimani ni lile lile, inchi 9/16. Pedeli ya skrubu mbili inaingia kwenye baiskeli ya resi kama ilivyo, bila kuongeza kitu.

Watakwambia ni nzito. Tupime basi. PD-M520, SPD ya bei ya chini ambayo imewabeba watu wengi sana, ina gramu 380 hivi kwa jozi. PD-R7000, ya SPD-SL yenye mwili wa kaboni, ina gramu 265 hivi. Tofauti ni gramu 115. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 500 za maji, na wewe unabeba mbili. Ukinywa mafunda machache pale Bunju, deni lote la uzito limelipwa.

Kinachoumiza ni kutembea. Tukifika Bagamoyo tunashuka kunywa chai, na kutoka barabarani hadi kwenye mabenchi kuna kokoto na mchanga. Wenye kliti za plastiki wanatembea visigino mbele, vidole juu, wakishikana mabega, na kila hatua inakwangua plastiki. Mwenye SPD anatembea kama mtu aliyevaa raba, kwa kuwa chuma kimejificha ndani ya soli. Jozi yangu ya plastiki haikumaliza mwaka, maana kila kwenye taa na kila kwenye foleni mguu unashuka kwenye lami. Kliti za chuma nilizofunga baada yake bado zinashika. Bei ya pedeli unailipa mara moja, ya kliti utailipa kila zinapokwisha, na ndiyo ambayo dukani haitajwi.

Sisemi skrubu tatu ni mbaya. Uso wake mpana unatawanya shinikizo la mguu, na mtu anayekaa saa tano juu ya tandiko bila kushuka atafurahi. Kama umeshapata viatu vizuri vya matundu matatu, usivitupe. Vilevile SPD kwenye kiatu chenye soli laini huleta moto sehemu moja chini ya unyayo, mpaka ganzi. Dawa yake ni soli ngumu. Shika kiatu kwa mikono miwili, kikunje: kikikunjika kama ndala, kirudishe. Kwa hiyo pesa ikiwa ndogo, ipunguze kwenye pedeli uiongeze kwenye kiatu.

Dhana: "Ikishakuwa na matundu matatu, inaingia"

Inaingia kwenye kiatu, ndiyo. Mpangilio wa matundu matatu chini ya kiatu ni mmoja kwa Look na Shimano. Ila kliti yenyewe ni ya pedeli yake tu. Kliti ya Keo hainasi kwenye SPD-SL, na ya SPD-SL hainasi kwenye Keo. Hata Look kwa Look hazikubaliani: ile ya zamani, Delta, na Keo iliyoifuata ni vitu viwili tofauti. Nimeona watu wakipigilia kwa kisigino mpaka pedeli ikapasuka mdomo.

Halafu kuna rangi za kliti, na hapa naomba usome polepole. Rangi inaonyesha kisigino kina uhuru kiasi gani wa kucheza kabla ya kliti kuachia. Kwa SPD-SL ya Shimano, nyekundu ni sifuri, haichezi kabisa. Bluu ni nyuzi 2. Njano ni nyuzi 6. Kwa Keo ya Look, nyeusi ndiyo sifuri. Kijivu ni nyuzi 4.5, na nyekundu ni nyuzi 9. Yaani nyekundu ya huku ndiyo inayofunga mguu kabisa, na nyekundu ya kule ndiyo inayouachia kuliko zote. Mtu anayeagiza "zile nyekundu" kwa sababu rafiki yake anazisifu anaweza kupewa kinyume cha alichotaka, na wa kwanza kujua atakuwa goti lake.

Goti si kitu cha kubahatisha. Katika saa moja ya kuendesha kwa mizunguko 80 kwa dakika, kila goti linajikunja mara 4,800. Kiatu kikiwa kimefungwa pembeni kidogo tu kuliko mguu wako unavyotaka kukaa, na kliti hairuhusu kucheza, maumivu yatakuja. Wapo wanaokwambia mwendeshaji hodari hutumia sifuri. Anayeanza achukue njano ya Shimano, au kijivu ya Look, au kliti za kawaida za SPD ambazo zina nyuzi 4 hivi. Zikishafungwa, endesha wiki moja ukiwa na ufunguo wa milimita 4 mfukoni, usogeze kidogo kidogo hadi goti linyamaze.

Dhana: "Unavuta juu, nguvu inakuwa mara mbili"

Hapana. Mwaka 2007 Thomas Korff na wenzake walichapisha utafiti ambao waendesha baiskeli walitakiwa kupiga pedeli kwa namna mbalimbali, mojawapo ikiwa kuvuta juu kwa makusudi. Walipovuta, mwili ulitumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ile ile kuliko walipoendesha walivyozoea. Nguvu inatoka kwenye kusukuma chini.

Faida ipo, ila ni nyingine. Mguu unakaa palepale kila mzunguko, hautelezi mvua ikinyesha, na ukiinuka kwenye tandiko ili kukimbiza hauogopi kukosa pedeli. Mimi naithamini zaidi kwenye mashimo, pale mguu wa pedeli ya kawaida unaporuka. Kama safari zako ni za kwenda kazini na kurudi, pedeli bapa yenye meno mazuri itakutosha, na asikufanye mtu ujione mdogo.

Dhana: "Utanaswa, utaanguka mbele ya gari"

Hofu hii naiheshimu, kwa sababu kuanguka ukiwa umesimama hutokea kweli, hasa wiki za mwanzo. Lakini karibu kila pedeli ya aina hii ina skrubu ya kulegeza springi. Kwenye SPD ni ya ufunguo wa milimita 3. Ilegeze hadi karibu na mwisho, pande zote mbili za pedeli, kabla hujapanda siku ya kwanza. Kisha simama kwenye mlango, shika fremu yake kwa mkono, nasa na nasua mara thelathini kila mguu. Peleka kisigino nje; ukivuta tu juu kwa woga, haitoki. Shimano wana pia kliti ya SPD inayoitwa SH56 ambayo inaachia kwa pembe nyingi zaidi kuliko SH51 ya kawaida, na kwa mtu wa foleni za Dar ningeanza na hiyo. Barabarani, nasua mguu mmoja mita ishirini kabla ya taa. Usingoje usimame.

Dhana: "Hii ya kushoto imeshika kutu, haifunguki"

Fundi mmoja aliniambia hivyo, akaongeza bomba kwenye spana, akasukuma. Nilisikia mlio, kisha vipande vyembamba vya alumini vikadondoka kwenye kiatu chake. Uzi wa krenki, ile mikato ya ndani inayoshika pedeli, ulikuwa umekwisha. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume: hufungwa kinyume na saa na kufunguliwa kufuata saa. Njia rahisi ya kukumbuka, kwa pande zote mbili, ni kusimamisha spana juu: ukiipeleka mbele ya baiskeli unafunga, ukiipeleka nyuma unafungua. Herufi L (kushoto) na R (kulia) zimechorwa kwenye ekseli, ule mhimili wa pedeli. Paka grisi kwenye uzi, anza kwa vidole, na spana ije mwisho.

Dhana: "Za mtumba ni kutupa pesa"

Pedeli za SPD zilizotumika ni kati ya vitu vichache vya baiskeli ninavyonunua mtumba bila wasiwasi. Shika ekseli, tikisa mwili wa pedeli: ukicheza kulia na kushoto, beringi zimechoka. Izungushe ukisikiliza kama kuna mchanga ndani. Jaribu skrubu ya springi kama bado inageuka, maana iliyoganda hutaweza kuilegeza.

Viatu navyo vipo. Kwenye marundo ya mitumba ya soko la Karume nimewahi kukuta raba za kawaida kwa macho, muuzaji naye akiziuza kama raba. Nilipozigeuza, katikati ya soli kulikuwa na kipande cha mpira chenye mstari kukizunguka. Nyuma yake kuna bamba la chuma lenye matundu mawili ya kliti. Unakata mstari ule kwa kisu chenye ncha, taratibu, na kiatu kiko tayari.

Kliti peke yake ndiyo nisiyonunua ikiwa imetumika. Imekwisha kulika kwa mwendo wa mtu mwingine, na huwezi kujua itakuachia lini. Kabla hujalipia pedeli za aina yoyote, mpya au mtumba, uliza duka lililo karibu nawe kama wana kliti zake leo, si wiki ijayo. Wakisema wataagiza, acha hizo pedeli hapo hapo.