Alfajiri si saa moja na robo kabla ya jua kila mahali

Watu wengi hapa Lamu waamini kuwa wakati wa swala ya alfajiri waingia kama saa moja na robo kabla ya jua kuchomoza, popote ulipo, na ndio maana jamaa akipiga simu kutoka London mwezi wa Juni twamwambia ahesabu hivohivo. Kwa hapa kwetu ni sawa kabisa, manake tuko karibu na ikweta, jua lapanda wima, na kutoka digrii 18 chini ya upeo, ambapo alfajiri yahesabiwa kuingia, mpaka lichomoze ni dakika 70 mpaka 75 hivi, mwaka mzima.

London mambo ni mengine. Jua lapita kwa mshazari, na kuanzia mwisho wa Mei mpaka Julai halifiki digrii 18 usiku kucha, mwangaza hauishi mbinguni. Sasa alama yenyewe haipo, hivo wanazuoni wakakadiria: wako wanaochukua nusu ya usiku, wako wanaochukua sehemu ya saba ya mwisho. Tarehe 21 Juni jua latua saa 3:21 usiku lachomoza saa 10:43, basi mmoja apata saa 7:02 na mwengine saa 9:40, na wote wana hoja, tusiwahukumu.

Ukitaka kuhakikisha, fungua setingi za apu ya swala, badilisha mji uone digrii na njia iliyotumika. Na hapa nyumbani angalia mashariki, weupe uliosimama wima bado si alfajiri, uliotanda upeoni ndio wenyewe.