Mvuto, kivutio, uvutano: tunapokosea

"Kuwa na mvuto ni kuwa na sura nzuri." Ukimwambia mtu ana mvuto, wengi husikia sifa ya sura na mawazo hukimbilia mapenzi. Shina la neno ni vuta tu, na sauti huvuta, hotuba huvuta, hata namna mtu anavyosikiliza wenzake. Tena Kiswahili kimeyatenga haya vizuri. Mvuto ni ile nguvu au sifa. Kivutio ni kitu chenyewe kinachowaleta watu, ndiyo maana husemwa vivutio vya utalii. Mvutano ni pande mbili kushindana, kila moja ikivuta kwake. Anayeyachanganya hupoteza maana nzima.

"Dunia huvuta, vingine huvutwa." Hapa sarufi yetu imetangulia kutoa jibu. Uvutano, yaani nguvu ya vitu kuvutana, una kiambishi cha kutendana, kilekile cha pendana na saidiana. Mwanafizikia Isaac Newton alieleza hivyo mwaka 1687: tunda likianguka, Dunia hulivuta, nalo huivuta Dunia kwa nguvu ileile. Hatuioni Dunia ikisogea kwa kuwa ni nzito kupita kiasi. Mwezi nao huivuta Dunia, na bahari hujaa na kupwa. Sijui neno jingine la sayansi ambalo Kiswahili kimelitendea haki kiasi hiki.

"Angani hakuna uvutano." Upo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko takribani kilomita 400 juu yetu, na uvutano huko ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja, wakiizunguka Dunia bila kuigusa.

"Sumaku huvuta kila metali." Chuma, nikeli na kobalti, ndiyo. Shaba, dhahabu na alumini hazing'ang'anii.

"Watu wa tabia tofauti ndio huvutana." Imani hii imeazimwa kwenye ncha za sumaku, ambazo huvutana zikiwa tofauti, na imewaumiza wengi waliodhani ugomvi usiokwisha ni dalili ya penzi. Mwanasaikolojia Donn Byrne alionyesha mwaka 1961 kwamba watu humpenda zaidi mgeni mwenye mitazamo inayofanana na yao. Mwaka 1968 Robert Zajonc akaongeza jambo ninaloliona zito zaidi: kukutana na kitu mara kwa mara, bila lolote jingine kutokea, hutosha kukifanya kipendeze.