Mbavu za Mbuzi Zimeiva, Wageni Bado Hawajafika

Kadi imeandikwa saa saba mchana. Mchoma nyama anajua, nawe unajua, kwamba watu watakula saa tisa. Katika saa hizo mbili, mbavu zilizochomwa vizuri hukauka zikawa kama kuni, au hupoa kidogo kidogo huku bakteria wakijihudumia kabla ya wageni.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Sentigredi hadi kinapoliwa. Mkono hauwezi kukupimia hilo. Nyama yenye nyuzi 45 ukiishika utasema bado ya moto, kumbe hapo ndipo bakteria aitwaye Clostridium perfringens anapostawi kuliko mahali pengine. Mbegu zake hustahimili moto wa jiko, na nyama iliyorundikwa kwenye beseni ikifika uvuguvugu huo, huamka na kuongezeka maradufu kwa dakika kama 10 tu. Tumbo huanza kusokota saa 6 hadi 24 baadaye, ndiyo maana lawama mara nyingi huangukia chai ya asubuhi.

Kipimajoto cha jikoni ni cha lazima, kwa maoni yangu, kwa yeyote anayelisha watu wengi. Kichomeke kwenye nyama kati ya mfupa na mfupa, kisiguse mfupa wenyewe.

Kama jiko bado linawaka, sogeza makaa upande mmoja, weka mbavu upande usio na makaa, kisha funika. Ukitumia foili, nyunyizia maji kidogo kabla ya kufunga. Ganda la juu litalainika, hilo halikwepeki. Zirudishe kwenye makaa dakika chache kabla ya kupakua. Mwenye oveni aiweke nyuzi 90 hadi 100. Hotipoti nayo hutunza joto ililopewa, haitengenezi lake: isuuze kwa maji yanayochemka, ijaze mbavu zikitoka motoni, na usiifungue kila mpita njia anapotaka kuonja. Vile vyombo vya bufee vyenye maji chini viwashwe mapema, maji yawe ya moto kabla nyama haijaingia. Ukiweka nyama iliyopoa humo, itaishia kuwa vuguvugu.

Usizikate mapema. Ubavu mzima hushika joto na majimaji yake. Vipande vya mbuzi ni vyembamba, hupoa upesi. Isitoshe, kukata ndiko kunakoleta mikono, panga na gogo, na mara nyingi gogo ni lile lile lililokatiwa nyama mbichi asubuhi. Mikononi na puani mwa watu huishi bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, ambaye akipata muda kwenye nyama vuguvugu huacha sumu isiyoondoka hata ukiichoma upya.

Nyama ikishuka chini ya nyuzi 60 na saa mbili hazijapita, irudishe motoni ipite nyuzi 70 hadi ndani. Zikipita, itupwe, hata kama inanukia vizuri. Na chini ya turubai Dar es Salaam mwezi Januari, hewa yenyewe ikizidi nyuzi 32, hesabu saa moja tu.