Wanga wa mmea si sukari iliyobaki

Muulize yeyote aliyesoma biolojia ya sekondari mmea hufanya nini na sukari inayotengenezwa majanini, atakujibu kwa sentensi moja: ikizidi, hugeuzwa wanga na kuhifadhiwa. Sentensi hiyo imekaririwa mno hata haichunguzwi tena. Ndani yake zimejificha dhana kadhaa zisizo sahihi, na neno "ikizidi" ndilo linalopotosha kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo.

Dhana: wanga ni ziada, sukari iliyokosa kazi

Kama ingekuwa hivyo, mmea unaopata saa chache za mwanga ungehifadhi sehemu ndogo ya sukari yake, maana karibu yote ingetumika papo hapo. Kinachotokea ni kinyume. Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi ambao wanabiolojia huutumia sana maabara, ukioteshwa kwenye siku fupi hutenga sehemu kubwa zaidi ya sukari yake kuwa wanga kuliko ule wa siku ndefu. Unapata kidogo na bado unaweka akiba zaidi, kwa sababu usiku unaokuja ni mrefu.

Usiku wenyewe unastaajabisha zaidi. Giza likiingia, jani huvunja wanga kwa mwendo usiobadilika, na kukipambazuka huwa limetumia karibu asilimia 95 ya akiba. Watafiti walijaribu kuzima taa saa kadhaa kabla ya wakati uliozoeleka. Mmea haukuwa umewahi kukutana na hali hiyo, lakini usiku huo huo wa kwanza ulipunguza mwendo wa kuvunja wanga, na akiba ikafika alfajiri. Mwaka 2013 watafiti wa John Innes Centre, kituo cha utafiti wa mimea nchini Uingereza, walipendekeza kwamba jani hufanya jambo lenye matokeo sawa na hesabu ya kugawanya: kiasi cha wanga kilichopo kwa saa zilizobaki hadi kuche.

Saa zinazohesabiwa hapo ni za saa ya ndani ya mmea, wala si za jua la siku hiyo. Uweke mmea kwenye siku bandia ya saa 28, wanga utaisha mnamo saa ya 24, na muda uliobaki mmea utashinda na njaa. Mimea ambayo saa yake ya ndani imeharibika ikawa inakimbia nayo humaliza akiba mapema, ikidhani kumekucha. Na ile iliyopoteza kabisa uwezo wa kutengeneza wanga hukua sawa na wenzake mradi mwanga haukatiki. Ikikutana na usiku mrefu, hudumaa. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa jani, akiba inayobaki baada ya alfajiri ni ukuaji uliopotezwa, na inayoisha kabla yake ni njaa.

Dhana: mchana hutengenezwa sukari, usiku ndipo hugeuzwa wanga

Wanga wa jani hutengenezwa mchana, sambamba na sukari, ndani ya kloroplasti zile zile, yaani vyumba vidogo vya kijani vilivyomo ndani ya seli za jani. Mjerumani Julius Sachs alilionyesha hilo miaka ya 1860 kwa kutumia iodini: jani lililokaa kwenye mwanga hugeuka bluu iliyokaribia weusi, lililofunikwa gizani halibadiliki. Usiku ni wakati wa kuvunja.

Ila seli linzi, zile zinazofungua na kufunga stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, zina ratiba yao. Huvunja wanga wao asubuhi, mwanga unapozigusa, na hilo husaidia stomata kufunguka upesi. Jani moja, ratiba mbili zinazopishana.

Dhana: kuna swichi moja, ukiibonyeza wanga unaongezeka

Dhana hii ina mzizi wa ukweli, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Glukosi haiungwi moja kwa moja kuwa wanga. Lazima kwanza ifungwe kwenye ADP, molekuli ndogo inayoibeba, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, ambacho watafiti hukiita AGPase. Luis Leloir wa Argentina, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970, ndiye aliyefungua njia ya kuzielewa sukari za aina hii zilizobebwa. Kisha ikabainika kwamba AGPase huongezewa kasi na asidi ya fosfogliseriki, zao la kwanza la kunasa kaboni dioksidi, na huzuiwa na fosfati iliyo huru, yaani isiyoshikamana na sukari.

Tulia kidogo hapa, maana huu ndio moyo wa jambo lote. Kwenye utando wa kloroplasti kuna mlango wa kubadilishana: sukari yenye kaboni tatu iliyobeba fosfati hutoka, na fosfati huru huingia mahali pake. Nje ya kloroplasti, sukari hiyo hutengeneza sukrosi, sukari ile ile ya mezani, na fosfati huachiwa irudi. Sasa tuseme mizizi na mbegu zimepunguza kuvuta sukari. Sukrosi inajaa, utengenezaji wake unapungua, fosfati inayorudi inakuwa kidogo. Ndani ya kloroplasti kizuizi (fosfati) kinapungua huku kichochezi (asidi ya fosfogliseriki) kikipanda, na AGPase inaongeza kasi. Hakuna kiungo kinachotoa amri. Uwiano wa kemikali mbili umebeba habari kutoka upande wa pili wa mmea. Juu ya hayo, mwanga wenyewe hukiamsha kimeng'enya hiki kwa kufungua kifungo cha salfa kati ya vipande vyake, giza likakifunga tena.

Mwaka 1992 watafiti waliingiza kwenye viazi mviringo AGPase ya bakteria isiyojali sana vizuizi hivyo, na viazi vikaongeza wanga. Ilionekana swichi imepatikana. Lakini jaribio la namna hiyo lilipofanywa kwenye aina nyingine ya kiazi, wanga ulitengenezwa kwa kasi zaidi na kuvunjwa kwa kasi zaidi pia, jumla ikabaki pale pale.

Dhana: wanga husafiri kutoka jani hadi kiazi

Hausafiri. Chembe ya wanga haiyeyuki kwenye maji na haiwezi kupita utando wa kloroplasti. Kutoyeyuka huko ndiko faida yake: glukosi nyingi ikilundikwa huru ingevuta maji mpaka seli ielemewe. Ili akiba ya jani ifike kiazini, huvunjwa kwanza, hasa kuwa maltosi, sukari ya glukosi mbili, ikajengwa kuwa sukrosi, ikapita kwenye floemu, mirija inayosafirisha sukari, kisha kiazini ikavunjwa na kuunganishwa upya. Na huko kiazini haijalala tu. Ukiweka viazi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 8 hivi, sehemu ya wanga hurudi kuwa sukari, ndiyo maana vikikaangwa hubadilika kuwa kahawia iliyokolea.

Dhana: mahindi matamu na njegere tamu hutengeneza sukari zaidi

Utamu huo ni dalili ya njia iliyozibwa. Aina nyingi za mahindi matamu sana zina jeni iliyoharibika iitwayo shrunken-2, ambayo kazi yake ni kutengeneza kipande cha AGPase. Sukari inafika kwenye punje kama kawaida, ila haipati pa kuingilia kuwa wanga.

Njegere zina kisa kikubwa zaidi. Gregor Mendel, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1866, alihesabu njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, uwiano ulio karibu na 3 kwa 1. Kilichozikunja hakikujulikana hadi mwaka 1990. Kipande cha DNA kilikuwa kimejipenyeza kwenye jeni ya kimeng'enya kinachoutia wanga matawi, kikakiharibu. Wanga ukapungua, sukrosi ikabaki nyingi, mbegu changa ikavuta maji na kuvimba kupita kiasi, na ilipokauka ngozi yake ikawa pana kuliko kilichomo ndani.